Simba madume na vita vya kugombea kundi: maswali yanayoulizwa sana na majibu yake

Kila klipu ya simba wanapigana ikitoka, maswali ni yaleyale, nani kamshinda nani, kwa nini wameua watoto, na kwa nini askari wa hifadhi hawakufanya kitu. Nimeyaweka pamoja hapa. Mifano mingi ni ya Serengeti na sababu ni rahisi, kule simba wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu 1966 alipoanza mtafiti George Schaller, na kuanzia 1978 Craig Packer na Anne Pusey wakaiendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi sana. Na wakikwambia huyu ni fulani hawakisii, kila simba ana mpangilio wake wa vidoa pale sharubu zinapoota na vile vidoa havibadiliki toka anazaliwa mpaka anakufa.

Hivi kundi la simba ni la nani, la dume au la majike?

La majike. Hili watu wengi linawashangaza maana tumezoea kusikia simba dume ndo mfalme mwenye milki, lakini ukikaa ukaangalia kundi kwa miaka kumi utaona majike wale wale au mabinti zao bado wapo eneo lile lile, mama, dada, mama wadogo, bibi, wote wa ukoo mmoja. Madume ndo wanaokuja na kuondoka. Kwa kawaida muungano wa madume unakaa na kundi miaka 2 au 3 hivi, wenye nguvu zaidi wanafika mbali, halafu wanakuja wengine wanawatoa. Kwa hiyo tukisema dume "anatawala" maana yake amepata nafasi ya kuzaa na majike wa eneo lile na anazuia madume wengine wasiingie, basi, na nafasi yenyewe ni fupi mno.

Si tunaambiwa mafahali wawili hawakai zizi moja? Mbona simba madume wanatembea wawili watatu?

Kwa simba methali hiyo haifanyi kazi kabisa. Dume aliye peke yake hata awe na mwili wa namna gani, usiku mmoja watakuja wawili na habari yake itaishia hapo. Ndo maana madume wanaungana, wawili, watatu, wanne, Serengeti wameshaonekana hata tisa pamoja, na kila idadi inavyopanda ndivyo wanavyopata kundi mapema, wanavyolishika muda mrefu na ndivyo watoto wao wengi zaidi wanavyofika ukubwani. Nguvu ya simba dume ipo kwa mwenzake. Mimi naamini mtu ukilielewa hili moja basi mengine yote hapa chini yanajieleza yenyewe, pamoja na yale machungu.

Lazima wawe ndugu wa damu?

Inategemea idadi. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa kwa simba wa Serengeti na Ngorongoro na matokeo kutoka 1991 vilionyesha miungano mikubwa, wanne kwenda juu, huwa ni ndugu, yaani kaka au watoto wa mama mkubwa na mama mdogo waliokua pamoja. Lakini wawili au watatu mara nyingi unakuta mmoja hana undugu wowote, walikutana tu porini kila mtu anahangaika kivyake wakashikamana.

Na kuna sababu ya msingi. Kwenye muungano mkubwa watoto hawagawanywi sawa, wachache wanazaa sana na wengine hawapati kitu, sasa kama wewe ni kaka yake bado damu yenu inaendelea, ila kama ni mgeni unapigana vita na kupata majeraha kwa faida ya watu wengine. Kwa wawili kila mmoja anapata sehemu yake ya haki kwa hiyo mgeni naye anaona inalipa.

Dume kijana anaondoka vipi nyumbani?

Anafukuzwa. Akifika kama miaka 2 na nusu, 3 hivi, ama baba zake wanaanza kumkoromea ama madume wapya wanaingia na kumtimua. Anaondoka na wale aliozaliwa nao kipindi kimoja. Hapo ndo maisha magumu yanapoanza, wanazurura maeneo ya simba wengine, wanakula mabaki, wanamnyang'anya fisi, wanajifunza kuwinda kwa shida maana nyumbani walizoea kula mawindo ya mama zao, na muda wote huo wanakwepa madume wenye maeneo. Wengi hawamalizi kipindi hiki. Wanaomaliza, wakifika miaka 4 au 5 mwili umejaa na wameanza kuangalia kundi la kuchukua.

Wanajuaje kundi gani la kulivamia?

Kwa masikio kwanza. Ngurumo ya simba usiku uliotulia inasikika hadi kilomita 8, na kila dume ana sauti yake, kwa hiyo aliye mbali anajua ni wangapi wananguruma, na ikipita muda sauti moja haisikiki tena, hilo nalo analijua. Halafu harufu, madume wanakojolea vichaka na kukwaruza ardhi kwenye njia zao, mkojo ukiwa wa zamani maana yake mwenyewe hajapita siku nyingi.

Kuna majaribio ya spika yalifanyika Serengeti miaka ya 90, watafiti wanapiga sauti ya simba wageni halafu wanatazama wenyeji wanafanya nini. Majike walikuwa kama wanahesabu kabisa, wakisikia sauti ya jike mgeni mmoja wanaisogelea, wakisikia watatu wanafikiria kwanza na wao wapo wangapi. Madume wenye kundi walikuwa tofauti, wao wakisikia wageni wanakwenda, hata kama wageni ni wengi kuliko wao, hata kama mwenzao hayupo pale. Nikilifikiria hili huwa nakaa kimya kidogo. Dume anajua akikaa leo akaacha, kesho hana watoto.

Na wale wanaozurura wasio na kundi? Hawangurumi. Wanapita kimya kimya miezi na miezi maana kunguruma ni kutangaza upo wapi, na atakayekuja siyo rafiki. Ukisikia dume ananguruma kwa kujiamini jua ana eneo, au ameamua kwamba kuanzia leo analo.

Ni kweli manyoya meusi ya shingoni ni dalili ya nguvu?

Kweli, na imepimwa. Peyton West na Packer walichukua midoli ya simba dume ya saizi kamili, mmoja manyoya meusi mwingine ya rangi ya mchanga, mmoja marefu mwingine mafupi, wakaisimamisha porini Serengeti wakapiga sauti ya fisi wakiwa kwenye mzoga ili simba waje. Matokeo yalitoka 2002. Majike mara nyingi walikwenda kwa mweusi. Madume wakafanya kinyume, walimkwepa mweusi na mwenye manyoya marefu wakamwendea yule mwepesi. Na waliposoma kumbukumbu za miaka ya nyuma wakakuta wenye manyoya meusi wana homoni nyingi zaidi za kiume, wanakula vizuri na wakijeruhiwa wana nafasi kubwa ya kupona. Gharama yake ni joto, manyoya meusi yanachemsha mwili, kwa hiyo anayeweza kuyabeba kwenye jua la Serengeti ni mzima kweli.

Rangi inabadilika lakini, dume akipata majeraha makubwa au njaa ya muda mrefu manyoya yanapungua na yanaweza kupauka, na adui anaiona hiyo kutoka mbali.

Pigano lenyewe linakuwaje?

Mara nyingi halipo. Wageni wakiwa wengi wenyeji wanaondoka tu wenyewe, wanakimbizwa kilomita kadhaa, imeisha. Watu wanafikiri kila mapinduzi ni damu, sivyo, simba anaogopa kuumia kwa sababu simba aliyeumia mguu ni simba mwenye njaa.

Ila likitokea linatisha. Dume ana kilo kama 180, meno ya kung'atia marefu, na kama ni wawili dhidi ya mmoja wanafanya hivi: mmoja anakaa mbele anamshughulisha uso kwa uso, aliyebaki anazunguka nyuma anang'ata uti wa mgongo, nyonga au korodani. Aliyezungukwa anajua hatari iko nyuma kwa hiyo utamwona anakaa chini, makalio yameshika ardhi, anageuka geuka huku anarusha makucha. Akishavunjwa mgongo nyuma haiinuki tena. Wanaweza kumwacha pale wakarudi tena baadaye kumng'ata, na anaweza kuchukua masaa mengi kufa. Hapa ndo unaona maana ya kuwa na mwenzako, kazi yake kubwa ni kukulinda mgongo.

Kwa nini madume wapya wanaua watoto?

Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote na najua watu wengi linawauma, hata mimi linaniuma, lakini tulijibu vizuri.

Jike mwenye watoto wanaonyonya hapati joto, yaani hawi tayari kupandwa. Watoto wake wakiishi atakaa kama miaka 2 ndo azae tena. Dume mpya naye muda wake wote kwenye kundi ni miaka 2 au 3. Piga hesabu. Akisubiri watoto wa mwenzake wakue, atakapoanza kupata wake tayari kuna madume wengine mlangoni na hao wake watauliwa wakiwa wadogo. Jike akipoteza watoto anarudi kwenye joto ndani ya siku au wiki chache, mimba ya simba ni siku kama 110, kwa hiyo dume aliyeua ana nafasi ya kulea watoto wake mpaka wajitegemee na asiyeua hana. Serengeti karibu robo ya vifo vyote vya watoto wa simba vinatokana na hili, na ujue zaidi ya nusu ya watoto hawafiki miaka 2 kwa sababu mbalimbali, njaa, fisi, kuachwa.

Sasa angalia kinachofuata. Majike wote wamepoteza watoto kwa wakati mmoja, wote wanapata joto karibu wakati mmoja, wanazaa karibu pamoja, watoto wanalelewa pamoja wananyonya kwa mama yeyote, na ndani yao kuna madume labda wanne watano wa rika moja. Baada ya miaka 3 hao watano wanafukuzwa pamoja. Huo tayari ni muungano mpya, mkubwa, wa ndugu, unaokwenda kupindua kundi lingine. Yaani mapinduzi ya leo ndo yanayotengeneza jeshi la mapinduzi yajayo.

Majike wanakaa tu wanaangalia?

Hapana jamani. Jike ana kilo kama 120, peke yake hamwezi dume, lakini wakiwa wawili watatu wanamkabili na wanaweza kumfukuza, na kuna majike wamekufa wakitetea watoto. Hii ni moja ya sababu kubwa wanalea watoto kwa pamoja. Wanajua pia sauti za madume wao, ngurumo ya baba wa watoto ikipigwa kwenye spika wanaendelea kulala, ya mgeni ikipigwa wanainuka wanakusanya watoto wanaondoka.

Wenye watoto wakubwa kidogo, wa mwaka na zaidi, wakati mwingine wanahama nao kabisa, wanaacha kundi na eneo zuri wanaishi pembezoni mpaka watoto wajiweze. Na wale wanaobaki na madume wapya kuna kitu kingine watafiti waliona, miezi ya mwanzo wanapandana sana na hao madume lakini hawashiki mimba. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kipindi hicho kinavuta madume wengine waje washindane, mimba ishike baada ya kujulikana nani hasa atakaa. Kwa mama ambaye ameshaona watoto wake wakiuliwa ni jambo la maana sana kupata baba atakayedumu.

Bob Junior wa Serengeti aliuliwa na nani?

Na madume vijana waliotaka eneo lake, Machi 2023. Wengine walimwita Snyggve. Alikuwa na kaka yake Tryggve, aliyejulikana pia kama Marley, na pamoja walishika eneo la mashariki mwa Serengeti upande wa Namiri kwa kama miaka 7, ambayo kwa simba ni utawala mrefu sana. Kifo chake kilisikitisha watu wengi maana alipigwa picha na wageni kutoka dunia nzima, manyoya meusi, uso mtulivu, waongoza watalii wa kule walimpenda. Lakini umri ulikuwa umekwenda, na wawili wazee hawazuii vijana wenye njaa ya kundi. Miaka 7 kwa wawili tu, mimi naona hiyo ni heshima kubwa.

Na wale Mapogo wa Afrika Kusini?

Hao walikuwa muungano wa madume sita, eneo la Sabi Sand jirani na Kruger, walianza kuteka makundi 2006. Sita ni jeshi, waliua simba wengi sana, wakashika makundi mengi kuliko wanavyoweza kulinda na ndo hapo walipojichanganya, wakagawanyika. Juni 2010 mmoja wao aliyeitwa Kinky Tail akanaswa na kuuawa na muungano mpya wa Majingilane, na kuanzia hapo kila mwaka walikuwa wanapungua. Namba za simba waliouliwa zinazotajwa mitandaoni usizibebe kama zilivyo.

Dume aliyepinduliwa akapona anakwenda wapi?

Pembezoni. Anarudi kuzurura kama ujana wake, safari hii meno yamevunjika na viungo vinauma. Wachache sana wanapata kundi tena. Wengine wanasogea karibu na vijiji kwa sababu ng'ombe hakimbii kama nyumbu, na hapo anakutana na mkuki au sumu. Kufa kwa uzee ni bahati, Scarface wa Maasai Mara aliipata, alikufa Juni 2021 akiwa na miaka 14 bila kuuliwa na mtu wala simba, na yeye alikuwa na ndugu watatu, Morani, Sikio na Hunter.

Ni kweli kuna simba walivuka maji yenye mamba kwa sababu ya majike?

Kweli, Uganda, hifadhi ya Queen Elizabeth. Ndugu wawili Jacob na Tibu, Februari 2024, walirekodiwa usiku kwa droni yenye kamera ya joto wakiogelea mfereji wa Kazinga, zaidi ya kilomita moja, maji yamejaa viboko na mamba. Jacob ana miguu mitatu, mmoja aliupoteza kwa mtego wa majangili. Muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wamepigana na madume wengine wakashindwa, majike upande ule ni wachache, na njia ya nchi kavu ina watu. Wakaingia majini, pamoja. Kila nikiona ile video naangalia vile wanavyoogelea mmoja nyuma ya mwenzake, hawaachani.

Kuna mahali wenyeji wana nguvu mpaka wageni hawaingii kabisa?

Kreta ya Ngorongoro. 1962 mvua zilizidi, nzi wanaouma wakafurika na simba wa kreta wakafa wakabaki kama 10 hivi. Miaka michache baadaye madume kutoka nje wakashuka wakachukua nafasi. Tangu hapo simba wakaongezeka, kreta ina chakula kingi, watoto wengi wanakua, miungano ikawa mikubwa, na dume wa nje akishuka anakutana na ukuta. Matokeo yake simba wa kreta wakawa wa damu moja wanazaliana wenyewe kwa wenyewe, wakawa dhaifu kwa magonjwa. Na siku hizi ambaye angetaka kushuka inabidi apite kwanza katikati ya maboma na mifugo.

Uwindaji wa kitalii unaathiri vipi? Si anauliwa dume mmoja tu?

Hapana, hapo ndo watu wanapokosea. Ukimtoa mmoja kwenye wawili umeacha mgongo wa aliyebaki wazi, wageni watajua kwa kusikia, watakuja, atafukuzwa au kuuliwa, na watoto wote wa kundi wanafuata. Risasi moja inaweza kuondoa simba kumi. Ndiyo sababu simba Cecil alipouawa na mwindaji Zimbabwe Julai 2015 kila mtu aliuliza kuhusu Jericho mwenzake, ambaye wala hakuwa ndugu yake. Jericho alijitahidi, alishika kundi na hakuwagusa watoto wa Cecil.

Utafiti uliotoka 2004 ulionyesha kwamba ukisubiri dume afikishe miaka 5 au 6 madhara yanapungua sana, maana angalau amelea uzao mmoja. Tanzania ikaweka sharti la miaka 6. Umri unakadiriwa kwa kuangalia pua, kijana ana pua ya pinki na inaingia weusi mwaka hadi mwaka, akifika miaka 5 au 6 nusu na zaidi ni nyeusi. Sisi ndo nchi yenye simba wengi kuliko zote duniani, kwa hiyo sharti hili likisimamiwa ovyo hasara inakuwa kubwa mno.

Sumu ni mbaya zaidi kwa sababu haichagui. Desemba 2015 Maasai Mara mzoga ulitiwa sumu baada ya simba kuua ng'ombe, na katika waliokufa alikuwemo Bibi, jike wa miaka 17. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe namwelewa, ng'ombe ndo ada ya shule na hospitali, na mtu asilaumiwe bila kulipwa hasara yake na kusaidiwa kujenga zizi la kueleweka. Lakini sumu ikishamwondoa dume mmoja, vijana wanaoingia ndo wasumbufu zaidi kwa mifugo, kwa hiyo mfugaji huyohuyo anaumia mara ya pili.

Kwa nini askari wa hifadhi wasiwaokoe watoto au kumtibu dume aliyeshindwa?

Jeraha likitokana na binadamu, mtego wa waya, mkuki, gari, daktari wa wanyama huwa anaitwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaachwa. Ukimtibu aliyeshindwa unamrudisha apigwe tena, na ukiwazuia wapya wasiingie mabinti wa kundi watakuja kuzaa na baba zao.

Nikikuta madume wanapigana nikiwa safari nifanye nini?

Kaa ndani ya gari, zima injini, usimwambie dereva atoke barabarani apite kwenye nyasi ili kusogea, na usikae kati ya pande mbili zinazotazamana maana anayetaka kukimbia anahitaji njia. Magari yakimzunguka mwenye jeraha anashindwa kujificha na adui zake wanamwona. Ukiona jike anabeba mtoto mdomoni anaondoka eneo lile usimfuate hata kwa umbali. Na kama uliona waya shingoni au mguuni kwa simba yeyote, piga picha, andika mahali na saa, toa taarifa geti la karibu siku hiyohiyo.